Kitambaa Chekundu Dirishani Kwangu

Mtaani kwetu naitwa Bwana Tahadhari. Sikulichagua jina hilo, na wanaolitumia hawalitumii kwa heshima. Kazini cheo changu ni kirefu mno, hata hakikutosha kwenye kibao cha mlango: Afisa Mipango ya Dharura na Elimu kwa Umma. Mwandika vibao alifika kwenye "Elimu kwa" akaishiwa nafasi, akafunga kopo lake la rangi, akaenda zake. Kwa miaka mitatu nimekaa nyuma ya mlango unaotangaza elimu bila kusema ni kwa nani. Wenzangu wa masijala wanasema kibao hakijakosea.

Mtaa wetu uko bondeni, na katikati yake hupita mtaro mkubwa. Mvua ikinyesha kule juu vilimani, mtaro hufurika huku chini jua likiwa bado linawaka, kwa hiyo watu huwa hawaamini mpaka waone viatu vyao vinaelea. Kazi yangu ni kuwafanya waamini mapema: kupanga nani aende wapi, nani abebwe na nani, kisha kuwaeleza mpaka waelewe. Kupanga najua. Kueleza ndiko kulikonipa lile jina.

Mkutano wangu wa kwanza wa hadhara niliazima viti themanini. Walikuja watu saba, na wawili kati yao walikuwa wenye viti, wanasubiri nimalize wavichukue. Nikachapisha vipeperushi elfu mbili vya kurasa nne. Muuza misumari akafungia misumari. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, fundi wa nguo ambaye wote tunamwita Mama Cherehani, aliomba mia moja, nikafurahi nikidhani nimepata mwanafunzi. Siku ya pili nikamkuta amevikata kuwa vipimo vya kola.

"Karatasi yako nzuri, jirani," akaniambia. "Haichaniki ovyo."

"Umesoma lakini?"

"Nimesoma upande wa shingo."

Nikafanya zoezi la kwanza la kuhama. Nilipuliza filimbi saa tatu asubuhi, nikatarajia mtaa mzima uelekee shuleni, mahali palipoinuka. Watu walitoka kweli, tena wengi, wengine na fimbo. Walidhani ni mwizi. Walipoona ni mimi wakarudi ndani, na mmoja akaniuliza kama sina kazi nyingine.

Katika maisha yangu nimewahi kuwa na wazo moja zuri, na ndilo lililokaribia kumuua mama yangu. Wazo lenyewe ni hili. Kila nyumba yenye mtu asiyeweza kutembea tuipe kitambaa chekundu. Maji yakija, kitambaa kinatundikwa dirishani, na wabebaji wanakuja na machela. Wabebaji nilishawapata: ni wachezaji wa timu ya mpira ya mtaa, na mwalimu wao, Kocha, ndiye kiongozi wao. Ili wasikimbie ovyo, nikaamua kutengeneza na daftari, nyumba kwa nyumba: jina la mtu, anaumwa nini, mbebaji wa kwanza, mbebaji wa pili. Ukisikia mtu anasema serikali haijui watu wake, mlete kwangu nimwonyeshe daftari lile. Niliandika hata mzee mmoja anabebwa upande gani ili asiumie bega.

Niliandikisha watu thelathini na mmoja. Mama yangu hakuwemo.

Mama anaishi nasi tangu alipovunjika nyonga. Kutoka kitandani mpaka kwenye kiti chake cha dirishani huenda kwa kushikwa mkono, na hapo ndipo mwisho wa safari zake. Miguu imegoma, lakini kichwa hakijui habari hizo. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini, na husema hajawahi kupoteza hata shuka moja. Hotuba zangu zote alizisikia yeye kabla ya mtu mwingine, maana nilizifanyia mazoezi sebuleni, nimesimama mbele ya kabati. Alikuwa akinikatiza. "Hapo umerudia." "Hapo umejisifu." Halafu nikimaliza ananiuliza swali lilelile.

"Na mimi umeniandika?"

"Kesho, Mama."

"Kisichokuwemo daftarini hakipo. Nilikuwa nawaambia manesi."

"Wewe uko nyumbani kwangu, Mama. Nakujua."

Nilikuwa na sababu, nazo nilizipenda. Fomu ilitaka sahihi ya mwenye nyumba na sahihi ya afisa, na kanuni niliyoiandika mwenyewe ilisema afisa asijisainie. Ilibidi niombe afisa mwingine aje nyumbani kwangu aniandikishe, kama mtu wa kawaida. Niliona aibu. Mimi ndiye Tahadhari, sasa nikae kwenye kochi langu mtu wa masijala aniulize kama nina mpango? Kinyozi hajinyoi, nikajiambia, nikaiahirisha wiki, kisha mwezi, kisha nikasahau kwamba nilikuwa nimeahirisha kitu.

Nilichokumbuka ni kupiga picha ya bango. Nilitaka bango kubwa la rangi la kueleza kitambaa, na nilitaka dirisha zuri. Dirisha langu ndilo lililokuwa limepakwa rangi karibuni. Nikatundika kitambaa chekundu, nikamkalisha Mama chini yake na gauni lake la buluu, nikamwambia apunge mkono na atabasamu. Alitabasamu. Alikuwa na furaha kweli siku ile, nadhani alidhani hiyo ndiyo namna yangu ya kumwandika. Chini ya picha tukaweka maneno: TUNDIKA KITAMBAA, TUTAKUJA. Mabango sitini yakabandikwa mtaa mzima, zahanati, shuleni, kwenye nguzo za taa, ndani ya choo cha stendi. Kwa mara ya kwanza watu walilipenda jambo langu. Mama akawa maarufu. Wapita njia wakiliona dirisha letu walikuwa wakimpungia mkono, naye anawapungia, na wengine walisema "tutakuja, Bi Mkubwa, tutakuja," wanacheka. Kitambaa chenyewe kilibaki pale dirishani karibu miezi miwili, mpaka mke wangu akakianua akakifua.

Maji yalikuja siku ya Jumanne, saa nne asubuhi.

Niseme ukweli kwamba kwa dakika arobaini nilikuwa mtu wa maana. Mlinzi wa mtaro kule juu alinipigia simu, nikapuliza filimbi, na safari hii hakuna aliyetoka na fimbo. Nilisimama juu ya kreti kwenye njia panda, kipaza sauti mkononi, na watu wakanipita wanapanda kwenda shuleni, wamebeba watoto na magodoro, wanafuata mishale niliyoichora. Maji ya udongo yalikuwa yanafuata nyuma yao, kwanza kwenye soli, halafu kwenye vifundo vya miguu. Kocha na watu wake walikuwa wanatoka vichochoroni na machela, wanakwenda, wanarudi. Nilisikia mtu akisema "kumbe huyu jamaa alikuwa anajua." Nilijifanya sikusikia ili aseme tena.

Machela ya mwisho ilipopita nikaifuata mpaka shuleni. Mke wangu ni mwalimu pale, na katika mpango wangu yeye ndiye aliyekaa mlangoni na nakala ya daftari, akiweka alama kila anapofika mtu. Alikuwa na kalamu nyekundu, na uso umechoka.

"Thelathini na mmoja," akaniambia. "Wote wamefika."

Nikashika kipaza sauti. Ningeweza kumwambia yeye tu, lakini nilitaka uwanja mzima usikie. "Ndugu zangu," nikasema, "watu wote waliohitaji kubebwa wamebebwa. Hakuna aliyeachwa." Watu wakapiga makofi. Niliinama kidogo. Mungu anisamehe, niliinama.

Nilipoinuka mke wangu alikuwa ananitazama, na kalamu imesimama hewani.

"Mama umemweka wapi?" akauliza. "Nilijua umemchukua wewe."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Hofu ile siwezi kuipamba. Nilikuwa nakimbia nasema "Mama, Mama", mtu wa miaka arobaini na sita. Watu walikuwa bado wanapanda, mimi nashuka. Muuza misumari, aliyekuwa na mizani yake kichwani, alinishika shati.

"Bwana Tahadhari, kanuni ya tatu. Usirudi nyuma kwa lolote."

Kumbe alisoma. Nikaubandua mkono wake nikaendelea.

Kwenye kona nikakutana na Kocha, anakunja machela. Nikamuuliza kama amepita kwangu.

"Tumepita, bosi. Kitambaa tulikiona."

"Mkakiacha?"

"Tukasema kile si cha picha? Na Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anapunga mkono kama kwenye bango." Sauti ikaanza kumpotea kadiri alivyoiona sura yangu. "Kwenye daftari hayumo, bosi. Tukajua wewe umeshampangia. Tukampungia."

Hakukosea kitu. Nimelitafuta kosa lake tangu siku ile kwa hamu kubwa sana, na sijalipata. Nilimfundisha kufuata daftari, akafuata. Nilimzoesha kuliona dirisha langu na kucheka, akacheka.

Nyumbani maji yalikuwa yamefika mapajani. Mlango ulikuwa wazi. Kiti cha Mama kilikuwa kinaelea kimepinduka, kinagonga kabati polepole, lile kabati nililokuwa nalihutubia. Kitandani hakuna mtu. Dirishani hakuna kitambaa. Nikapapasa chini ya maji kwa mikono, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, na kila nilichogusa kilikuwa laini na kila mara roho ilinitoka. Mwisho nikafanya kitu ambacho mtaa bado unakisimulia. Kipaza sauti kilikuwa kimening'inia shingoni, nikakiwasha, nikasimama katikati ya chumba changu mwenyewe nikaita kwa sauti ya kutikisa mabati: "MAMA!"

"Punguza," ikajibu sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Miguu ndiyo mibovu, si masikio."

Alikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari, katika chumba cha kushonea cha Mama Cherehani. Nilivuka barabara sijui vipi. Nilimkuta amekalishwa juu ya meza ya kukatia nguo, amefunikwa gauni la harusi la mteja ambalo halijapigwa pindo, mkoba wake mapajani. Mama Cherehani alikuwa anakamua kitambaa changu chekundu kwenye ndoo.

Nilitaka kusema kitu cha kiofisa. Nikaangukia magoti ya Mama nikalia, mbele ya jirani, mbele ya gauni la watu.

"Basi," Mama akasema. "Basi, unanilowesha."

Nikamuuliza Mama Cherehani aliwezaje kujua.

"Kujua nini?" akasema. "Nilichungulia nikaona kitambaa kizuri kabisa kinaburuzwa na maji. Nikasema hawa watu wana wazimu, kwa nini hawakianui? Nikashuka kuwaambia. Naingia ndani, namkuta Bi Mkubwa amekaa, maji yamefika kwenye magoti, ameukumbatia mkoba. Nikamgeuzia mgongo, akapanda, nikambeba." Akakitazama kitambaa. "Kwani kina maana gani?"

Katika mtaa wa watu elfu nne, aliyemwokoa mama yangu ni mtu mmoja ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wangu hata mmoja, na vipeperushi vyangu alisoma upande wa shingo tu. Jambo hilo nimeliandika katika ripoti. Mkuu wangu aliliondoa, akasema halitajenga.

"Niliposikia filimbi nilitoa kitambaa mkobani nikakitundika. Niliwaona wakipita," Mama akaniambia, akiwa bado ameshika kichwa changu. "Watu wanne na machela tupu. Nikakumbuka ulivyosema, kupunga mkono na kutabasamu. Nikapunga. Wakapunga, wakaenda." Alisema hivyo bila kulaumu, kama mtu anayesoma stoo kimebaki nini. "Nikasema labda wanarudi. Maji yalipofika kwenye magoti nikajua mimi ni yule wa kwenye bango."

Kisha akafungua mkoba. Ulikuwa umefungwa kama nilivyofundisha, kitu kwa kitu, kwa mpangilio uleule wa hotuba ambayo hakuna aliyeisikiliza zaidi yake: tochi, maji, kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki, filimbi, dawa zake. Chini kabisa akatoa pakiti nyingine.

"Na hizi zako za presha. Uliziacha mezani tena."

Maji yaliondoka jioni ileile na kutuachia tope mpaka kwenye droo za vijiko. Siku iliyofuata nilizunguka mtaa nabandua mabango, yote sitini. Yale ya choo cha stendi yaligoma kutoka, nikayakwangua kwa kisu, na watu waliokuwa wanasubiri nje walidhani nimezidiwa. Tulisukuma tope kwa siku tatu. Siku ya nne Mama akaomba miwani yake.

"Lete daftari."

Nikaleta. Nikamleta na mtu wa masijala, aliyekaa kwenye kochi langu lenye unyevu akaniuliza maswali yote, mojamoja, kama mtu wa kawaida. Mama Cherehani alikuja kuwa shahidi. Mama alitia sahihi penye mwenye nyumba, sikuthubutu kuuliza. Namba thelathini na mbili. Anaumwa nini: nyonga. Mtu wa masijala akafika kwenye safu ya wabebaji, akanipa daftari nijaze.

"Mbebaji wa kwanza," nikasema.

"Huyu hapa," Mama akasema, akamwonyesha Mama Cherehani. Nikaandika.

"Wa pili."

Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nilikuwa nimeshaanza herufi ya kwanza ya jina langu. Mama aliinama akatazama, kisha akanitazama mimi.

"Maji yakija wewe utakuwa wapi?"

"Hapa, Mama."

"Utakuwa juu ya kreti."

"Nitashuka."

"Usiandike kitu ambacho hukina stoo," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko angenichapa. "Andika Kocha."

Mke wangu, aliyekuwa anafua pazia mlangoni, aliacha kufua. Mtu wa masijala alipata kitu cha kutazama darini. Nikaikata herufi yangu nikaanza kuandika jina la Kocha.

"Si kwa kalamu hiyo," Mama akasema. "Chukua penseli, ile yenye kifutio."

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla sijaenda kazini, namgeuzia mgongo. Namtoa kwenye kiti mpaka langoni na kumrudisha. Siku ya kwanza nilifika kwenye ngazi nikamtua, nahema, mimi niliyechapisha ukurasa mzima kuhusu namna sahihi ya kubeba mtu mzima. Mama Cherehani huwa anatazama kutoka ghorofani, na muuza misumari anahesabu hatua kwa sauti bila kuombwa. Mama hasemi chochote mpaka nimkalishe, halafu anasema "kesho tena." Ni mwezi wa tano sasa. Langoni nafika, kurudi pia, bila kutua. Jana, alipokuwa anakaa, aliniuliza kama kile kifutio cha penseli bado kipo.